Kamioneti ya Mita Mbili

Mwaka jana, kiangazi kizima, nilitafuta gari la kumtosha baba yangu alale ndani, na katika kiangazi hicho chote sikumpima baba yangu hata mara moja. Nalisema hili mwanzoni ili pasiwe na wa kuniuliza mwishoni. Nilionywa, tena na watu wasioijua kazi yangu, nikawanyamazisha wote.

Kazi yangu ni viti vya magari. Nina karakana huku Kampemba, banda la mabati na mashine mbili nzito za kushonea. Gari linaloingia mjini kutoka mpakani Kasumbalesa likiwa tupu huletwa kwangu, nalitia mabenchi, linatoka likiwa tayari kubeba watu kumi na wanane wanaogombana. Zile zilizofungwa nyuma kama sanduku sisi tunaziita kamioneti. Nimetambaa ndani ya kamioneti nyingi mno, magoti chini, misumari mdomoni, hata leo nikiona moja imesimama kando ya barabara nakuambia bila kushuka: hii benchi nne, hii tano. Kujua sana nako ni ugonjwa. Fundi anayejiamini huacha mita mfukoni.

Baba naye alikuwa fundi, fundi cherehani. Alishuka kutoka Kasongo, kule Maniema, akiwa kijana, akapanga chumba mtaa wa Hewa Bora, akashona huko maisha yake yote. Alishona kanzu za Waislamu wenzetu, na suti za arusi za Wakristo waliotoka Kasai, ambao, bwana wee, kwa suti hawana mchezo. Alikuwa mrefu. Msikitini, safu ikinyooka, kofia yake ilionekana juu ya zingine, na mlango wa nyumba yetu aliupita kila siku ameinama, mkono mmoja juu ya kofia. Sisi watoto tulikuwa tukisimama kwenye mlango huo tuone nani atafika. Hakuna aliyefika. Nimeota mvi huku bado najua kwamba baba yangu ni mrefu, kama ninavyojua kwamba Lualaba ni mto.

Kisha akaanguka. Wala hakuanguka kutoka juu: ni kidato kimoja cha bafu ya uani, sabuni mkononi. Daktari alitazama picha ya mgongo, akasema mifupa imelika ndani, inabonyea mmoja juu ya mwingine, na kwamba mzee asikae kitako zaidi ya dakika chache. Mimi nilisikia hilo la kukaa kitako. Lile la mifupa lilipita. Baada ya miezi michache baba hakusimama tena. Alilala ubavu, magoti ameyakunja mpaka karibu na tumbo, uso ukutani, kwa kuwa hivyo ndivyo maumivu yalivyomruhusu kupumua.

Alikuwa na dada Kasongo, shangazi yangu, mkubwa wake kwa miaka mingi. Mama yao alipokufa ndiye aliyembeba mgongoni baba, akamtafunia chakula, akampeleka chuo cha Kurani kwa fimbo. Mara ya mwisho walionana mimi nikiwa bado shule ya msingi. Baadaye simu zilipokuja, kila Ijumaa baada ya sala walikuwa wanaongea, wakicheka mambo ya watu waliokwisha kufa. Halafu masikio ya shangazi yakaziba kabisa. Mjukuu wake alikuwa akishika simu na kumpigia kelele sikioni, naye anajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Ijumaa moja, akidhani simu imekatika, tulimsikia akimwambia mjukuu: mwambieni aje, hata asiposema kitu, nimguse tu.

Baba aligeukia ukuta. Kesho yake asubuhi, nilipokuwa namnywesha uji, alisema bila kunitazama: "Munipeleke. Minataka anigushe nikingali na moto." Yaani kabla mwili haujapoa.

Ndege haipokei mtu aliyelala hivyo. Basi la abiria, baba asingefika nalo hata Likasi, hapa karibu. Ikabaki gari lenye kitanda. Kwa njia ya Manono na Kongolo, barabara ikiwa kavu, tulihesabu siku saba, labda nane, na siku zote hizo tungelala ndani ya gari, kwa kuwa hakuna nyumba ya wageni njiani ya kumpokea mzee anayegeuzwa kila baada ya saa mbili. Kwa hiyo nilihitaji kamioneti ambayo nyuma yake itakuwa chumba: kitanda cha baba, benchi la mke wangu la kukalia mchana na kulalia usiku, madumu ya maji, jiko na sufuria zake, ndoo yenye kifuniko. Mimi ningelala mbele, kichwa kwenye usukani. Mtu mwingine angeona taabu. Mimi niliona kazi, nikafurahi, Mungu anisamehe.

Siku hiyohiyo niliingia chumbani kwake na mita yangu ya chuma. Ilipolia kuvutwa tu, baba akafumbua macho.

"Weka hiyo," akasema. "Habapimake muntu mwenye kulala."

Kwetu ni hivyo. Anayepimwa akiwa amelala ni maiti. Anakatiwa fimbo ya urefu wake, fimbo inapelekwa makaburini, na wachimbaji wanaifuata. Ukimpima mtu aliye hai amelala, umekwisha kumchimbia. Mwiko huu unajulikana kwa wote, lakini baba aliushika kuliko mwalimu wa chuo, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa na utepe wa kupimia shingoni. Mteja mgonjwa akimwita nyumbani kupimwa kanzu ya Idi, baba aliagiza asimamishwe, hata kama ni kwa kushikwa na watu wawili kwapani, au basi hashoni. Sasa yeye mwenyewe hakuweza kusimama, na kupimwa amelala hakutaka. Nikabaki nimeshika mita yangu kama mjinga.

Yeye ndiye aliyenipa njia. Alinyoosha kidole kwenye msumari ukutani, ilikoning'inia kanzu aliyoishona kwa ajili ya arusi yangu. Akaniambia nipime ile, kwa kuwa aliikata mwenyewe na mkono wake haukosei.

Niliitandika mezani kwenye karakana. Kutoka bega hadi pindo, mita moja na sentimita arobaini na nane. Nikaongeza kutoka pindo hadi kisigino, nikaongeza shingo na kichwa, nikapata mita moja na themanini na sita. Mtu aliyelala anataka nafasi ya mto, na miguu isigonge. Niliandika kwa penseli kwenye nguzo ya banda: mita mbili. Maandishi hayo bado yapo, sijayafuta.

Kamioneti zinazopatikana mjini kwetu ni za namna tatu. Kuna zile kubwa za zamani, mtu anasimama ndani na kuvaa kanzu bila kuinama. Nilizipenda, lakini madereva wa njia ya kaskazini walinicheka. Waliniambia kule mbele kuna madaraja ya magogo mawili mawili, na gari pana kama lile, gurudumu moja litapita juu ya gogo, la pili litapita juu ya maji. Kuna za kati, ndefu na zenye paa la kuinuliwa, ambazo zina upana wa kawaida na nyuma yake kuna mita mbili na nusu kasoro kidogo. Hizo ndizo zilizonifaa: kitanda, na sanduku la vyombo miguuni. Na kuna zile fupi.

Fupi nilipewa bila kuomba. Jirani yetu, Mluba wa Kasai mwenye duka la vipuri, alikuja mwenyewe mwezi wa tano, ufunguo mkononi. Baba alimshonea suti ya arusi, akawashonea wanawe wote, na mara moja alimshonea usiku kucha suti ya msiba bila kutaka kitu. Ni mdogo wangu kwa miaka michache, kwa hiyo ananiita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, kamata hii," akasema. "Utanirudishia mbele ya mvua." Alimaanisha kabla ya mvua za mwezi wa kumi.

Niliingia na mita. Kutoka ukuta wa chuma ulio nyuma ya dereva hadi mlango wa nyuma: mita moja na tisini. Toa mbao nyembamba za kufunika chuma, toa kisanduku cha kitasa kinachotokeza ndani, kilichobaki ni mita moja na themanini na mbili. Nilitoka nikatikisa kichwa. Zimepungua sentimita nne, nikamwambia, hata kabla ya mto. Nne tu, akasema yeye. Nikamjibu kwamba nne za kitambaa unazificha kwenye pindo, nne za mtu hutazificha popote. Alicheka. Mimi nilijiona nimesema neno la akili kweli.

Akashauri tukate ule ukuta wa chuma. Nikakataa, gari la kuazimwa halikatwi. Mke wangu, aliyekuwa amesimama na beseni la nguo, akauliza kwa nini kitanda kisiwekwe mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Nikamuuliza na yeye atakaa wapi, juu ya paa? Akaenda kuanika nguo zake. Najua sasa kwamba wangefaa wote wawili, kila mtu na shauri lake, na kwamba jirani angekubali hata gari likatwe vipande. Lakini fundi nilikuwa mimi.

Na baba alisikia. Dirisha lake lilikuwa linatazama uani. Nilipoingia aliniita nisogee, akasema taratibu, maana kuongea kulikuwa kunamchosha: "Nitakunja magoti. Hata sasa, siyo minakunja?"

Nilimjibu kwa ukali, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake kabla ya hapo. Nilimwambia haendi kwa dada yake amekunjwa kama mtumba kwenye robota. Ataenda amenyooka, amelala kama mtu, na shangazi atafungua mlango amkute mdogo wake mzima kutoka kichwani hadi miguuni. Nilikuwa na machozi, lakini yalitoka kama hasira.

"Basi," akasema. "Weye njo fundi."

Jirani akaondoka na ufunguo wake. Mimi nikamwendea mfanyabiashara anayeagiza magari kwa njia ya Dar es Salaam, nikaweka agizo la kamioneti ndefu. Akasema mwezi wa sita. Mwezi wa sita akasema iko bandarini. Mwezi wa saba akasema iko Zambia. Mwezi wa nane ikawa kwenye foleni ya Kasumbalesa, upande wa pili wa mpaka, na karatasi moja ilikuwa na kosa, ikarudishwa, ikaja na kosa lingine. Nilikwenda huko mara tatu kuitazama kwa mbali. Mara moja niliiona kabisa, nyeupe, katikati ya malori ya shaba, nikarudi nyumbani nikimweleza baba jinsi ilivyo ndefu. Alisikiliza, akauliza kama barabara bado kavu. Nikasema bado.

Na kweli ilikuwa kavu. Vumbi jekundu lilijaa kwenye majani ya miembe yote ya Annexe, pembezoni mwa mji, hewa ilikuwa ya baridi na safi, malori yaliyorudi kutoka Manono yalirudi salama. Ungeweza kwenda na kurudi mara tatu. Ijumaa zilipita, simu ya Kasongo ikawa inalia, na mjukuu anauliza tumefika wapi na safari. Tulikuwa tunamwambia gari linakuja. Alituambia shangazi ameuhamisha mkeka wake karibu na mlango wa mbele.

Ilikuwa mwezi huo wa nane ambapo mke wangu alisema. Alikuwa ametoka kumbadilishia baba shuka, akaja kwangu jikoni, akakaa kwenye kigoda, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Baba anapunguka," akasema. "Miguu yake haifike tena ku mwisho ya kitanda."

Kitanda hicho nilikitengeneza mimi, zamani, na miguu ya baba ilikuwa ikigonga ubao wa mwisho mpaka rangi ikatoka pale. Alichosema mke wangu mtu angeweza kukithibitisha kwa macho, kwa kuingia tu chumbani. Sikuingia. Nilimuuliza kama anataka nimpime mzee wangu akiwa hai, nimwite na mchimbaji kabisa. Nilimwambia mtu aliyekunja magoti huonekana mfupi, hata mtoto anajua. Nikaacha ugali wangu mezani, nikaenda karakana kukaa bila kazi. Nilipokuwa natoka nilimsikia akiiambia sufuria, si mimi, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Nimejiuliza mara nyingi kama sikuona. Asubuhi zote mimi ndiye niliyekuwa namgeuza baba. Nilimshika mabega na nyonga, na kila wiki mikono yangu ilikuwa karibu zaidi mmoja na mwingine. Mikono ilijua. Lakini kama baba anapungua, basi baba anakwenda, na mimi sikutaka aende. Maadamu alihitaji gari la mita mbili, alikuwa bado ni yule wa kuinama mlangoni. Huo ndio ukweli, na ni aibu, kwa sababu niliulinda urefu wake kwa miezi mitano na yeye alikuwa ananiomba kitu kingine kabisa.

Kamioneti iliingia mjini katikati ya mwezi wa kumi, maua ya jakaranda yakiwa yamekwisha kuanguka na kunyauka kando ya barabara. Niliifanyia kazi siku sita bila kupokea kazi nyingine. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivyo. Kitanda cha mita mbili kamili, sponji la tabaka mbili, ngozi laini ya rangi ya kahawa, ubao wa pembeni asianguke, benchi la mke wangu lenye kifuniko na nafasi ya madumu chini yake. Jiko nililifungia kwenye sanduku la bati. Juu nilipigilia msumari wa kuning'inizia ile kanzu. Jirani alikuja kuiona, akapapasa kitanda chote kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema kazi nzuri, akaondoka mapema.

Mvua ya kwanza mjini kwetu ilinyesha siku ya kujaribu. Tulimpandisha baba kwa shuka, watu wanne, tukaelekea Kipushi, maana ni karibu na njia ina mashimo ya kutosha kumfunza mtu. Mke wangu alikuwa nyuma naye. Kila niliposhika breki nilisikia sauti ya kitu kinachoteleza kwenye ngozi, kisha sauti ya mke wangu akihema. Baba alikuwa anashuka kuelekea miguuni, halafu kwenye mlima anarudi kuelekea kichwani. Mke wangu aliweka mto miguuni, akaongeza wa pili, akakunja blanketi akalisukuma upande wa kichwa, na bado nafasi ikabaki. Hatukufika Kipushi. Niligeuza kwenye matope nikijitukania ile ngozi: ni laini mno, nitabadilisha niweke kitambaa.

Tulipofika uani nilifungua mlango wa nyuma. Baba alikuwa amelala katikati, amezungukwa na mito, amefunikwa mpaka kidevuni. Macho yake yalikwenda kwenye ubao wa miguuni, mbali kule, yakarudi kwangu.

"Hii kitanda iko ya nani?" akauliza.

Nilidhani ni maumivu yanayomsemesha. Nikamwambia, yako, baba. Wiki hiyohiyo madereva walirudi na habari kwamba malori yamezama kwenye matope ng'ambo ya Mitwaba, kule kaskazini ambako mvua zilitangulia, na watu wanalala njiani siku kumi. Wakaniambia nisubiri mwezi wa tano. Nilikwenda kumwambia baba, na kabla sijamaliza aliinua vidole viwili vya mkono, kama alivyokuwa akimwashiria mteja kwamba amemwelewa.

Alikufa mwezi wa kumi na mbili, mchana, baada ya alasiri, mvua ikipiga mabati kiasi kwamba hatukusikia pumzi ya mwisho ni ipi. Mke wangu ndiye aliyeona. Tulipiga simu Kasongo. Mjukuu alilia, kisha akasema hajui atamwambiaje bibi, maana kwa kupiga kelele haiwezekani kusema neno kama hilo. Baadaye alipiga tena. Alisema amemwonyesha kwa mikono, na bibi ameelewa vibaya, anauliza kama gari limeondoka.

Asubuhi yake watu wa msikiti walikuja kumwosha. Walimnyoosha. Yale magoti yaliyokunjwa karibu miaka miwili yalinyooka bila ubishi, taratibu, chini ya mikono ya mzee mmoja mwenye subira. Kisha mzee huyo akashika tete refu, ndiyo ile fimbo ya kipimo, akanitazama, akaniuliza kama nitakata mimi, kwa kuwa ni mtoto wake na tena ni fundi. Sasa iliruhusiwa. Nilipiga magoti, nikaliweka tete kando ya baba yangu, ncha moja usawa wa kichwa, na kwa mara ya kwanza nikampima. Mkono wangu ulifika kwenye kisigino mapema kuliko nilivyotegemea, nikadhani nimeanza vibaya, nikarudia. Nilishika kisigino kabisa ili nihakikishe. Kilikuwa baridi. Nikakumbuka alichoniomba, akingali na moto, nikakata tete pale lilipotakiwa kukatwa.

Mtu alitakiwa kulipeleka makaburini haraka, kwani wachimbaji walikuwa wameanza kuvuta maji ya mvua nje ya shimo wakingoja kipimo. Kamioneti yangu ilikuwa imewekwa tayari kubebea jeneza la msikiti. Jirani alikuwa amesimamisha ile yake fupi nje ya lango, mlango wa nyuma wazi, injini inanguruma. Nilitoka na tete mkononi. Niliingia ndani, nikalilaza sakafuni, ncha moja imegusa ukuta wa chuma nyuma ya dereva, pale ambapo kichwa kingekuwa. Nikashuka. Nikavuta mlango.

Ulifungika.

Niliufungua tena. Toka ncha ya tete hadi pale kitasa kinapofika mlango ukifungwa niliweka kitanga changu cha mkono, vidole vimeshikana, na kikaingia chote. Nilisimama pale kwenye tope na mkono wangu ndani ya ile nafasi. Mwezi wa tano, nilikuwa nawaza. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane. Jirani alikuwa amekuja nyuma yangu, ameona mkono ulipo, na anajua kipimo kile kama mimi. Aliushika mkono wangu, akautoa taratibu.

"Yaya," akasema, "banangoja."

Nilipanda mbele pembeni yake. Tete halikuwa limefungwa na chochote, nafasi ilikuwapo, na njia nzima mpaka makaburini, kila alipoongeza mwendo, nililisikia linateleza kwenye sakafu kuelekea nyuma na kugonga mlango.